Picha zenye saini za majemadari: Thamani yake, hila zake na funzo la Lodwar na Kakuma

MNAMO mwaka wa 1962, miezi michache kabla ya Uganda kupata uhuru, askari wa Batalioni ya Nne ya Keya, yaani King's African Rifles, waliingia Turkana kuwasaka wezi wa mifugo. Miongoni mwa maafisa waliowaongoza alikuwa Luteni Idi Amin. Baada ya msako huo, miili ya wafugaji wa Kiturkana ilipatikana, na maafisa wa serikali ya kikoloni nchini Kenya wakataka luteni huyo ashtakiwe. Gavana wa Uganda, Sir Walter Coutts, alimtaka ushauri Milton Obote aliyekuwa karibu kushika hatamu za nchi. Uhuru ulikuwa mlangoni na Amin alikuwa mmoja wa Waganda wachache mno waliokuwa na cheo cha afisa. Mwishowe alikaripiwa tu, wala hakufikishwa mahakamani. Miaka tisa baadaye, Januari 1971, aliipindua serikali ya Obote huyo huyo.

Leo hii picha ya Amin iliyotiwa saini kwa mkono wake ni bidhaa inayonadiwa ng'ambo na kununuliwa na watu ambao huenda hawajawahi kulisikia jina la Lodwar. Kwao ni kumbukumbu ya mtu mashuhuri. Kwa mzee wa Kiturkana aliyezikwa nduguye mwaka huo, picha hiyo hiyo ni jambo jingine kabisa.

Makala haya yanaeleza ukusanyaji wa picha zenye saini za viongozi wa kijeshi: ulikoanzia, namna ya kuitambua saini halisi, jinsi ya kuihifadhi picha katika joto na vumbi la kaskazini mwa Kenya, na kwa nini picha isiyo na maelezo ya ilikotoka ni nusu ya kitu.

Chimbuko la desturi hii

Desturi ya kukusanya picha za majemadari ilishika kasi katikati ya karne ya 19. Mwaka wa 1854, mpigapicha wa Paris aitwaye André Disdéri alipata hataza ya kutengeneza picha ndogo zilizobandikwa kwenye kadi. Kwa kuwa picha kadhaa zilipigwa kwa bamba moja, bei ilishuka na watu wa kawaida wakaweza kuzinunua na kubadilishana. Vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, vya 1861 hadi 1865, viliieneza tabia hiyo. Majenerali kama Ulysses Grant na Robert Lee walitia saini kadi nyingi za aina hiyo, nazo zingali zikitafutwa na wakusanyaji.

Vita Vikuu vya Kwanza vilileta kadi za posta. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki hadi aliposalimisha silaha Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, alikuwa shujaa nchini kwao. Kadi zenye sura yake ziliuzwa Ujerumani, na kwa kuwa aliishi hadi Machi 1964, alipata muda mrefu wa kuzitia saini. Maelfu ya wapagazi Waafrika waliokufa katika vita hivyo, ambao kumbukumbu yao imebaki katika majina ya mitaa kama Kariakoo na Kariokor, hawakuwa na kadi.

Nchini Kenya, jina linalopatikana zaidi katika mikusanyo ya namna hii ni la Robert Baden-Powell. Aliutetea mji wa Mafeking ulipozingirwa katika Vita vya Makaburu, kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900, kisha akaanzisha chama cha maskauti. Miaka yake ya mwisho aliishi Nyeri, katika nyumba iliyoitwa Paxtu, akafariki tarehe 8 Januari 1941 na kuzikwa mjini humo. Maskauti wa dunia nzima walithamini picha yenye saini yake, na kwa sababu hiyo saini yake ilichapishwa mara nyingi kwa mashine katika vitabu na kadi. Anayeanza kukusanya hana budi kulijua hilo mapema.

Njia ya makamanda

Turkana haikuwa kambi ya jeshi moja wala ya zama moja. Mwaka wa 1918 Waingereza walituma kikosi kikubwa dhidi ya Waturkana katika operesheni iliyojulikana kama Labur. Waliokabiliana nao waliongozwa na watu kama Ebei, kamanda wa vita, na Loolel Kokoi, mwaguzi au emuron ambaye nguvu yake ilikuwa katika kuwakusanya wapiganaji na kuwabariki. Viongozi hao hawakuishi katika ulimwengu wa studio za picha na kalamu za wino. Kumbukumbu yao ilikaa vinywani mwa wazee hadi mwanahistoria John Lamphear alipokusanya simulizi hizo na kuchapisha, mwaka wa 1992, kitabu kiitwacho The Scattering Time.

Vita Vikuu vya Pili vilipofika, eneo la Lokitaung, kaskazini mwa Lodwar, likawa njia ya majeshi ya Waingereza kuelekea kusini magharibi mwa Ethiopia, ambako mwaka wa 1941 waliwafukuza Waitaliano. Askari wa Keya walishiriki, kisha wengi wakapelekwa Burma. Mmoja wa waliopigana Burma ni Waruhiu Itote, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Jenerali China.

Itote alikamatwa Januari 1954 akiwa kamanda wa Mau Mau upande wa Mlima Kenya. Alihukumiwa kunyongwa, hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, na akapelekwa Lokitaung. Huko aliwakuta Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Fred Kubai na Kung'u Karumba, waliohukumiwa Kapenguria mwaka wa 1953. Kenyatta alimfundisha Kiingereza gerezani. Mwaka wa 1959 Kenyatta alitolewa Lokitaung akazuiliwa Lodwar, na Aprili 1961 akahamishiwa Maralal. Itote aliachiliwa mwaka wa 1962, na mwaka wa 1967 akachapisha kumbukumbu zake, "Mau Mau" General. Alifariki mwaka wa 1993.

Kwa mkusanyaji, kisa hiki kina faida ya pekee. Nakala ya kitabu hicho yenye saini ya mwandishi, ikithibitishwa, inabeba uzito kuliko picha nyingi za majenerali wa Ulaya, kwa kuwa inamuunganisha mpiganaji, gereza la Lokitaung na Kiingereza alichojifunza humo humo.

Kakuma na sura ya Garang

Kakuma iko kilomita zipatazo 120 kaskazini magharibi mwa Lodwar. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa huko mwaka wa 1992, walipowasili maelfu ya vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu kutoka Ethiopia baada ya utawala wa Mengistu Haile Mariam kuanguka Mei 1991. Walikuwa wamepita Pochalla na Kapoeta kabla ya kuvuka mpaka Lokichoggio. Wengi walikuwa watoto waliotengana na wazazi wao. Takribani 3,800 kati yao walipelekwa Marekani, wengi wao kuanzia miaka ya 2000 na 2001.

Kamanda aliyetawala fikra za kizazi hicho ni Dkt John Garang, aliyeongoza vuguvugu la SPLM/SPLA tangu mwaka wa 1983. Alitia saini Mkataba wa Amani Kamili jijini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan tarehe 9 Julai, na akafa katika ajali ya helikopta tarehe 30 Julai mwaka huo huo.

Tarehe hizo ni silaha mkononi mwa mkusanyaji. Picha inayomwonyesha Garang akiapishwa Khartoum ingeweza kutiwa saini yake kwa muda wa siku 21 tu. Atakayekuuzia picha ya namna hiyo ana wajibu wa kueleza ilisainiwa wapi, lini, na mbele ya nani. Saini ya kulinganishia ipo, kwa kuwa aliiweka kwenye mkataba ambao ni hati ya umma.

Kuna jambo jingine ambalo humchanganya mgeni. Sura ya Garang imo katika noti za Sudan Kusini zilizoanza kutumika mwaka wa 2011. Noti hizo zina picha yake na zina saini, ila saini hiyo ni ya gavana wa benki kuu. Atakayeambiwa kuwa noti ina saini ya Garang ajue kwamba anadanganywa.

Tusisahau pia kwamba si kila jemadari anakumbukwa kwa risasi. Mpatanishi mkuu wa mazungumzo yaliyozaa mkataba wa 2005 alikuwa Mkenya, Luteni Jenerali Lazaro Sumbeiywo. Mkenya mwingine, Luteni Jenerali Daniel Opande, aliongoza vikosi vya Umoja wa Mataifa nchini Sierra Leone na Liberia. Mkusanyo unaozihusu Kakuma na Lodwar ungepungukiwa iwapo ungewaacha nje waliosaidia kuzima moto ule uliowaleta wakimbizi.

Namna ya kuitambua saini halisi

Saini zinazoonekana kwenye picha ni za aina tano. Ya kwanza ni ya mkono wa mhusika mwenyewe. Ya pili imeandikwa na karani au msaidizi wake. Ya tatu ni ya muhuri wa mpira. Ya nne imeandikwa na mashine inayoiga mwendo wa kalamu. Ya tano imechapishwa pamoja na picha yenyewe. Ile ya kwanza ndiyo inayotafutwa, na mtu anaweza kuikagua kwa njia rahisi kabla ya kwenda kwa mtaalamu.

Chukua kioo cha kukuzia na uinamishe picha mwangani. Wino wa kalamu hukaa juu ya karatasi, hung'aa tofauti na picha, na huonyesha mahali mkono ulipokaza na ulipolegea. Saini iliyochapishwa haina kina. Ukiona picha na saini vimejengwa kwa vitone vidogo vidogo, hiyo ni kazi ya mtambo wa kuchapa.

Zingatia kalamu. Kalamu ya biro ilianza kuuzwa madukani katika miaka ya 1940. Saini ya Baden-Powell iliyoandikwa kwa biro basi ni ya kutiliwa shaka kubwa, kwa kuwa alifariki Januari 1941. Lakini usiharakishe kumhukumu Lettow-Vorbeck kwa kipimo hicho. Aliishi hadi 1964, na hakuna la ajabu mzee kutia saini kwa biro juu ya kadi ya mwaka wa 1918. La kulinganisha ni siku ya saini, si siku ya picha.

Zingatia karatasi. Karatasi nyingi za picha zilizotengenezwa tangu miaka ya 1950 zina kemikali inayong'aa kwa rangi ya samawati chini ya taa ya urujuanimno, kama ile inayotumiwa kukagua noti bandia. Picha inayodaiwa kusafishwa mwaka wa 1916 ikimulikwa na kung'aa hivyo, ni nakala ya baadaye.

Mwisho, zingatia mazingira. Picha inayojulikana zaidi ya Dedan Kimathi ni ile inayomwonyesha amelala kwenye machela, mikono imetiwa pingu, baada ya kupigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Kutoka siku hiyo hadi aliponyongwa tarehe 18 Februari 1957 alikuwa mikononi mwa serikali. Mfungwa katika hali hiyo hagawi picha zenye saini. Anayekuletea moja hana budi kukuonyesha njia yote iliyopitia, na njia hiyo ni vigumu kuiwazia.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ndiyo sheria ya kwanza ya mkusanyaji. Picha ikipita kwa baba, mjomba na dalali bila mtu kuandika neno, mwishowe inabaki sura na mikwaruzo ya wino. Thamani yake hushuka sokoni, na hushuka zaidi katika historia.

Kila picha iwe na kadi yake. Iandikwe jina na cheo cha aliyepigwa picha, mahali na mwaka, jina la mpigapicha likijulikana, aliyeipokea na sababu ya kupewa, na kila mkono iliopitia tangu hapo. Kama aliyepewa yungali hai, asimulie mwenyewe huku simu ikinasa sauti yake. Simulizi ya dakika 10 kutoka kwa mzee inaweza kuwa na thamani kuliko saini.

Anza nyumbani. Familia nyingi za Kenya, Uganda na Tanzania zina picha ya babu akiwa na kofia ya Keya. Huenda hakuwa jemadari, wala nyuma hapana saini ila jina la studio na tarehe. Picha hiyo ndiyo inayompa maana jenerali aliyemwongoza.

Joto, vumbi na mafuriko

Lodwar ni miongoni mwa miji yenye joto kali zaidi nchini Kenya, na mchana kipimo hupita nyuzi 35 mara kwa mara. Mabati huongeza joto ndani ya nyumba, upepo huleta vumbi laini linalokwaruza uso wa picha, na jua hufifisha wino. Kakuma ina adui wa ziada, nayo ni laga ya Tarach, ambayo hukauka miezi mingi kisha ikafurika ghafla mvua inaponyesha milimani.

Kwa hivyo, usiitundike picha yenye saini mahali panapopigwa na jua. Tundika nakala, uiweke asili gizani. Iweke katika bahasha ya karatasi isiyo na asidi au mfuko wa plastiki ya poliesta, kisha ndani ya sanduku la bati lenye kifuniko kinachobana, juu ya rafu, mbali na sakafu na ukuta unaopata joto la alasiri. Usitumie gundi, pini wala utepe wa kunata. Usiipeleke kufanyiwa laminesheni, kwani joto la mashine na gundi yake huiharibu picha moja kwa moja. Ukiandika nyuma, tumia penseli laini, pembeni. Ishike kwa kingo, mikono ikiwa mikavu.

Ikilowa, usiipanguse. Ioshe polepole kwa maji safi iwapo ina tope na wino wake hautoki, kisha uilaze uso juu kivulini ikauke. Picha zilizogandana zisibanduliwe kwa nguvu.

Sheria na heshima

Kenya ina Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka wa 2006, inayodhibiti utoaji wa vitu vya kale nje ya nchi. Kabla ya kumuuzia mgeni kitu cha kihistoria, uliza Makavazi ya Kitaifa. Hati na picha zenye mhuri wa ofisi ya serikali zahitaji uangalifu zaidi, maana huenda zilitoka katika faili za umma. Anayetaka mkusanyo wake udumu anaweza kuwaza mfano wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka wa 1966, ambaye hazina yake kubwa ya vitabu, hati na sanaa imo katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi, na kila mwananchi anaweza kuitazama.

Heshima ni ngumu kuliko sheria. Mwaka wa 1991 SPLA iligawanyika, na makamanda waliokuwa pamoja wakageuziana bunduki. Wengi wa waliouawa walikuwa raia. Desemba 2013 Sudan Kusini iliingia tena vitani, na mwishoni mwa 2014 mapigano ya jamii za nchi hiyo yalizuka ndani ya kambi ya Kakuma yenyewe. Katika mahali kama hapo, sura ya kamanda ukutani si pambo. Jirani mmoja huiona kama ya mkombozi, mwingine huona aliyemchomea kijiji.

Haifuati kwamba picha hizo zichomwe au zifichwe. Mwaka wa 2019 Makavazi ya Uganda jijini Kampala yaliandaa maonyesho ya picha za enzi za Amin, kutoka hazina ya filamu zipatazo 70,000 zilizokutwa katika shirika la utangazaji la nchi hiyo. Picha hizo zilipigwa na wapigapicha wa serikali ili kumsifu mtawala. Kuonyeshwa kwake kuliwataka watazamaji wafikirie pia yale ambayo kamera haikuelekezwa kwayo.

Hilo ndilo linalomfaa mkusanyaji wa Lodwar au Kakuma. Kuipata picha ya Amin si kosa, na kuiweka si kosa. Ila kadi yake isiishie kwenye cheo, mwaka na jina la aliyeiuza. Iongezwe mstari mmoja: Turkana, 1962. Na kama katika boma lililo karibu kuna mzee anayekumbuka msako ule, basi kabla ya kutafuta saini nyingine, mwendee, umsalimu, umwombe asimulie, nawe uandike.